Maswali ya Wasomaji: Tulale Kambi Gani Tukivuka Marekani kwa Gari-Nyumba?

Assalaam aleykum Mwalimu,

Kaka yangu anaishi Boston, nchini Marekani. Ametualika mwezi wa Julai tuvuke nchi hiyo pamoja naye na mkewe hadi Seattle kwa gari la kukodi lenye urefu wa futi 30, ambalo lina vitanda, jiko na choo ndani yake. Tutakuwa watu saba: wao wawili, mimi na mume wangu, mavyaa, na wanangu wawili. Tatizo ni mahali pa kulala. Kaka anataka tulale ndani ya mbuga za taifa, wifi yangu anataka kambi za kulipia zenye bafu na umeme, na mume wangu amesoma kwamba kuna ardhi ya serikali ambako watu hulala bure, kwa hivyo haoni haja ya kulipa hata senti moja. Mavyaa ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na hawezi kukaa bila maji ya kutosha ya udhu. Tafadhali tueleze tofauti ya kambi hizi, na utuambie tumfuate nani.

Mama wa wawili, Barani, Malindi

Wa aleykum salaam, dada yangu. Mabishano yenu huzuka karibu katika kila familia inayojiandaa kwa safari ya namna hii, na kwa kawaida huamuliwa kwa kutazama bei ya usiku mmoja. Mimi nawasihi mtangulize jambo jingine, nalo ni maji: yale yanayoingia garini yakiwa safi na yale yanayotoka yakiwa machafu. Mkishalipangia hilo, mtaona kwamba kaka, wifi na mumeo wote watapata usiku wao njiani.

Gari la ukubwa huo huwa na matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Tangi la maji safi kwa kawaida hubeba kati ya lita 120 na 190. Tuchukue lita 150, ambazo ni jerikeni saba na nusu za lita 20. Watu wazima watano wakitawadha mara tano kwa siku, hata kila mmoja akijizuia kwa lita moja tu, wametumia lita 25. Ongeza kopo la chooni la watu saba, maji ya chai na wali, vyombo vya milo mitatu na watoto kunawa, na utakuta zaidi ya nusu ya tangi imekwisha siku ya kwanza kabla mtu yeyote hajaoga. Ruhusa ya kujumuisha swala safarini itapunguza hesabu hiyo kidogo, lakini haitaifuta. Maji hayo yote, isipokuwa yale mliyokunywa, yamo katika matangi mawili ya chini, na hayaruhusiwi kumwagwa ovyo ardhini. Ni lazima yapelekwe mahali palipotengwa kwa kazi hiyo. Kwa sababu hiyo nawaambia wazi kwamba familia yenu itaweza kukaa mbali na bomba na mfereji wa maji taka usiku mmoja, au miwili kwa kujibana sana. Wanaoandika kwamba walikaa jangwani wiki nzima aghalabu ni watu wawili wanaojifuta kwa kitambaa chenye unyevu.

Sasa tuzitazame kambi zenyewe, na nianze na zile za wifi yako. Kambi za binafsi za kulipia zimetapakaa kando ya barabara kuu zote. Mtandao unaojulikana zaidi ni KOA, ulioanzia Billings, jimbo la Montana, mwaka 1962, na kambi hiyo ya kwanza bado ipo, tena iko katika njia yenu. Kambi zake zimegawanywa katika madaraja matatu: Journey, zilizo karibu na barabara kwa ajili ya wapita njia, Holiday, zenye mambo ya kufanya kwa siku kadhaa, na Resort, zenye anasa zaidi na bei inayolingana nazo. Kwa usiku mmoja katikati ya mwendo mrefu, daraja la kwanza linawatosha kabisa, kwa sababu nafasi zake nyingi zimetengenezwa ili gari liingie upande mmoja na kutokea upande wa pili bila kurudi nyuma, jambo ambalo dereva mchovu wa gari la futi 30 hulishukuru saa mbili usiku. Bei za kambi za binafsi kwa jumla huanzia takriban dola 40, na wakati wa likizo karibu na mbuga mashuhuri hupita 100. Mnacholipia ni bomba lenu wenyewe, umeme, tundu la maji taka pale pale mlipoegesha, mabafu yenye maji moto na mashine za kufulia. Kasoro yake ni kubanana. Mara nyingi dirisha lenu litatazama dirisha la jirani kwa hatua chache, na kilio cha mtoto mmoja huwaamsha wote.

Kuhusu umeme, kuna jambo la kuwaeleza watu wa nyumbani. Katika kila nafasi utakuta nguzo fupi yenye kisanduku. Ndani yake mna soketi ya ampia 30 yenye matundu matatu, na aghalabu ya ampia 50 yenye matundu manne. Volti zao ni 120, kwa hivyo ampia 30 ni wati 3,600 tu: mkiwasha kipoza hewa, maikrowevu na birika kwa pamoja, swichi itajizima. Zimeni swichi ya nguzo kwanza, ndipo mchomeke waya, kisha muiwashe. Na birika lenu la volti 240 libaki Malindi, kwa sababu huko litachemsha kwa robo ya nguvu yake.

Kambi ambazo hakuna hata mmoja wenu aliyezitaja ndizo ninazozipenda kuliko zote, nazo ni za mbuga za majimbo. Kila jimbo lina mbuga zake mbali na zile za taifa, na katika nyingi kuna nafasi pana zenye miti, umeme, mabafu safi na bei ambayo mara nyingi ni kati ya dola 20 na 50, ingawa baadhi ya majimbo huwatoza zaidi wasio wakaazi wake. Katika njia yenu iko Custer, South Dakota, mbuga ya jimbo yenye zaidi ya ekari 71,000, ambako baisani, yule nyati wa Marekani mwenye nundu na manyoya mazito, hutembea barabarani na kuyasimamisha magari kwa muda anaoutaka yeye. Nafasi zake nyingi zina umeme, lakini maji huchotwa katika bomba la pamoja. Jazeni tangi kabla ya kuegesha. Wanao watakimbia huko bila kuogopewa magari, na bibi yao atapata kivuli na benchi. Mfanye haraka kuweka nafasi, maana Custer hupokea maombi tangu mwaka mmoja kabla. Na asije kaka yako akashawishika kuipitisha gari-nyumba katika barabara ya Needles iliyo ndani ya mbuga hiyo: mahandaki yake yamechongwa katika mwamba, na lililo jembamba kabisa lina upana wa takriban futi 8, ilhali gari lenu linakaribia futi 8 na nusu bila kuhesabu vioo.

Ndugu wa karibu wa kambi hizo ni zile za kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, ambacho kilijenga mabwawa mengi na kuweka kambi kandokando ya maziwa yake. Mtakuta za aina hiyo kandokando ya mto Missouri, ambao barabara yenu itauvuka. Nyingi zina umeme, zimetulia, na bei yake ni ya chini. Ninashangaa jinsi wageni wengi wanavyozipita.

Kaka yako hakukosea kuzipenda mbuga za taifa. Kuamka ndani ya mbuga yenyewe, wakati wageni wengine bado wamepanga foleni langoni, ni neema ambayo kambi ya nje haiwezi kuitoa. Lakini kambi nyingi za mbuga hizo zilijengwa zamani, wakati magari yalikuwa madogo, na nyingi hazina umeme, bomba wala tundu la maji taka katika nafasi. Katika Yellowstone nzima, kambi moja tu ndiyo yenye vyote vitatu, nayo ni Fishing Bridge; humo hairuhusiwi hema wala gari lenye kuta za turubai, kwa sababu eneo hilo ni la dubu wakubwa. Kwa ajili ya mavyaa, hiyo ndiyo kambi ya kutafuta, na hujaa miezi mingi kabla. Iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo hata mwezi wa Julai usiku ni wa baridi ambayo mtu wa Malindi hajawahi kuikuta kwao. Mchukulieni bibi soksi za sufu na blanketi lake mwenyewe. Kwa kambi nyingine za mbuga za taifa, ulizeni kwanza urefu wa gari unaoruhusiwa kabla ya kulipa. Kule Badlands, South Dakota, kambi ya Sage Creek hailipishwi, na baisani hupita kando ya vitanda vya watu, lakini haina maji na gari lenye zaidi ya futi 18 haliruhusiwi. Lenu halitaingia. Kambi ya pili ya mbuga hiyo, Cedar Pass, ndiyo itakayowafaa.

Mzungumzie pia suala la kiingilio. Tangu tarehe 1 Januari 2026, mgeni asiye mkaazi wa Marekani mwenye umri wa miaka 16 na zaidi hulipa dola 100 juu ya kiingilio cha kawaida katika mbuga 11 mashuhuri, Yellowstone ikiwemo, isipokuwa awe na pasi ya mwaka ya wageni, ambayo ni dola 250. Wewe, mumeo na mavyaa mtafika dola 300 katika mbuga moja tu, kwa hivyo ifikirieni pasi hiyo kabla ya kuondoka. Ikiwa kaka yako ni raia au mkaazi wa kudumu na ametimiza miaka 62, yeye ana haki ya pasi ya wazee, ambayo hupunguza kwa nusu ada ya kulala katika kambi nyingi za serikali kuu, zikiwemo zile za wahandisi wa jeshi.

Nimemweka mumeo mwisho kwa sababu jambo lake linahitaji uangalifu zaidi. Ni kweli kwamba ardhi ya serikali kuu inayosimamiwa na shirika la BLM, pamoja na misitu na nyanda za taifa, huruhusu watu kulala bure sehemu nyingi, kwa kawaida hadi siku 14. Lakini karibu ardhi yote ya BLM iko magharibi. Kutoka Boston hadi mvuke mto Mississippi, mumeo atafute kwingine. Huko magharibi hakuna bomba, choo, taa wala mlinzi, na takataka zote mnaondoka nazo. Barabara za kuingilia ni za udongo, na makampuni mengi ya kukodisha magari yanakataza kabisa magari yao kutoka kwenye lami. Someni mkataba kabla ya kufurahia neno bure. Karibu na mji wa Wall, katika nyanda za taifa za Buffalo Gap, watu huegesha ukingoni mwa genge na kulitazama bonde lote la Badlands likibadilika rangi jua linapozama, na sijui hoteli yoyote yenye mandhari hayo. Udongo wa pale, hata hivyo, ni wa mfinyanzi. Ukinyeshewa hung'ang'ania magurudumu, na upepo wa usiku hutikisa gari zima. Mkiwa na tangi lililojaa, anga safi na mkataba unaowaruhusu, mpeni mumeo usiku huo mmoja. Asubuhi yake muende moja kwa moja kwenye kambi yenye mfereji wa maji taka.

Hapo ndipo mtakapokutana na kazi ambayo kila mtu huikwepa, nayo ni kumwaga matangi ya maji machafu. Anayeifanya avae glavu, aunge mpira mnene kwenye tundu la gari, na aukaze upande wa pili kwenye tundu la ardhini. Kwanza afungue tangi la choo, asubiri mpaka litulie, alifunge, kisha afungue la maji ya kuogea ili maji yake ya sabuni yausafishe mpira. Wenye haraka huacha tangi la choo wazi tangu wanapofika kambini. Maji hutoka yakaacha uchafu, nao hukauka na kuwa tabu ya siku nyingi. Lifungeni mpaka lifike theluthi mbili. Kopo letu la pwani hapa ni msaada, kwa kuwa tangi la choo lenye maji mengi humwagika vizuri kuliko lenye karatasi nyingi. Ama udhu, mtawadhie bafuni mwa kambi au juu ya beseni garini, kwa sababu kambi nyingi zinakataza kunawa au kuosha chochote kwenye mabomba ya pamoja.

Nikiipanga safari yenu, ambayo kwa barabara ya I-90 ni zaidi ya kilomita 4,800, ningelala upande wa mashariki katika mbuga za majimbo na kambi za kulipia. Mkipita Ohio kwa barabara yake ya kulipia, baadhi ya vituo vya mapumziko vina nafasi za magari-nyumba zenye umeme, na zinafaa kwa usiku wa kupita tu. South Dakota ningeitengea siku nyingi kuliko jimbo lolote, kwa kuwa aina zote nilizozieleza ziko huko kwa mwendo mfupi kutoka moja hadi nyingine. Kila usiku wa tatu ningehakikisha ni wa bomba, mfereji na kufua.

Jambo moja la usalama, dada yangu, usilisahau. Katika nyanda za kati, dhoruba za kiangazi huja na mvua ya mawe na pengine kimbunga, na gari-nyumba halifai kabisa kuwa makimbilio. Mkifika kambini, kabla ya kushusha viti, muulizeni mhudumu watu hukimbilia wapi kengele ikilia. Kambi nyingi zitawaelekeza kwenye jengo imara, mara nyingi lile la mabafu. Katika ardhi ya bure hakuna wa kuulizwa, na hilo pekee linatosha kumfanya mumeo autazame utabiri wa hali ya hewa kabla ya kudai usiku wake.

Mwalimu, nakupa salamu nyingi kutoka Lamu. Mwanangu yuko Marekani, na ananiambia kwamba akisafiri kwa gari lake la kulala huegesha usiku katika uwanja wa magari wa duka kubwa au kando ya barabara kuu. Mimi silali nikilifikiria jambo hilo. Je, ni halali, na ni salama?

Mzazi, Langoni, Lamu

Mzee wangu, nakuelewa, na ninaamini mwanao hakukuficha jambo baya. Baadhi ya maduka makubwa, hasa Walmart, yamezoea kuwaachia wasafiri waegeshe usiku mmoja, lakini uamuzi ni wa meneja wa duka husika na wa sheria za mji, na kuna miji inayokataza kabisa. Mwanao aingie ndani, aombe ruhusa kwa heshima, anunue mahitaji yake hapo, na asitandaze kiti wala jiko nje, kwa sababu ile ni ruhusa ya kulala tu na si ya kupiga kambi. Vituo vya mapumziko vya barabara kuu vina sheria tofauti kwa kila jimbo: mengine huruhusu saa kadhaa, mengine hayaruhusu kulala, vibao vilivyopo ndivyo vya kufuatwa. Usumbufu mkubwa ni taa zinazowaka usiku kucha na malori ya friji yanayonguruma. Mwambie achague pahali penye mwanga na watu, aegeshe akiwa ameelekea njia ya kutokea, akariri alama ya maili iliyo karibu ili aweze kuitaja akipiga 911, na akihisi moyo wake haujatulia aondoke hata kama ni saa nane za usiku. Kwa usiku mmoja kati ya safari mbili ndefu ni jambo la kawaida. Ikiwa analala hivyo kila siku, mzee wangu, basi muulize kwa upole kama ana shida ya pesa.

Mwalimu, nina wageni watakaokuja na gari lenye hema juu ya paa, na tunataka kutoka Malindi kwenda Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala. Je, kambi za kwetu zinagawanyika kama hizo za Marekani?

Msomaji, Shela, Malindi

Zinagawanyika kwa namna yake. Shirika la KWS lina kambi za umma, ambazo wageni mbalimbali hukaa pamoja na mna huduma za msingi kama vyoo na maji, mfano wake Ndololo iliyo karibu na Voi. Na lina kambi maalumu, ambazo kundi moja huzichukua peke yake kwa kuweka nafasi mapema, lakini hazina huduma yoyote. Msitarajie nguzo ya umeme wala tundu la maji taka. Kwa wageni wanaolala porini kwa mara ya kwanza, wapelekeni kambi ya umma, mkiwa mmebeba maji yenu ya kunywa kutoka Malindi. Malipo hufanywa kwa eCitizen, kwa hivyo yakamilisheni mkiwa bado mjini penye mtandao mzuri. Na kwa kuwa Ndololo iko upande wa pili wa mbuga, mbali na Sala, ondokeni Malindi alfajiri ili muwe mmeshafika kambini kabla ya saa kumi na mbili jioni.